Redio ya Baba na Stabilaiza ya Mama Zuhura

Katikati ya Shaabani mama aliivua redio ya marehemu baba kitambaa chake, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani. Alikidarizi mwenyewe, na tangu nipate akili sikuwahi kukiona kikitoka pale ila siku ya kufuliwa.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe unatengeneza redio za Kibuli nzima. Hii ya baba yako itasema lini?"

Baba aliinunua mwaka 1964, alipokuwa karani wa Reli ya Afrika Mashariki. Alikuwa ametoka Mombasa akiwa kijana, akapewa chumba katika kota za reli pale Nsambya, akaoa, akatuzalia hapo. Ndiyo sababu nyumbani kwetu tunasema Kiswahili mpaka leo, ingawa watoto wangu wakitoka nje ya geti wanageukia Kiganda. Redio ni Philips ya vali, ya mbao, na kioo chake cha mbele kimejaa majina ya miji ambayo baba hakuwahi kufika. Mama alikaa mbele yake mchana wa Jumatatu, tarehe 25 Januari 1971, jeshi lilipotangaza kwamba Rais Obote ameondolewa. Baba alikuwa kazini. Mama anasema alizima redio, akafunga dirisha, akakaa na kuliangalia jicho la kijani likififia mpaka likaisha. Mara ya mwisho kuwashwa ilikuwa 1985. Baada ya hapo ilisafiri nasi nyumba tatu, imefungwa kwa shuka kama mtoto.

Watu hudhani redio ya zamani huchomekwa ukutani ukasubiri bahati yako. Ndani yake mna kapasita za elektroliti, vikopo vya alumini vyenye utando mwembamba sana wa oksidi unaozuia umeme kupita mahali usipotakiwa. Utando huo hujengwa na umeme wenyewe, na kapasita ikikaa miaka bila umeme, hudhoofika. Ukiipiga volti zote kwa ghafla, umeme unapenya, kikopo kinapata moto, kinavimba, na pengine kinaunguza transfoma ya redio pamoja nacho. Transfoma ile ikiungua, Kampala hii utaipata wapi? Kwa hiyo kapasita ya namna hiyo huamshwa polepole: volti chache, saa nzima, kisha chache tena, mpaka utando ujijenge upya.

Mafundi wengi hapa hutumia balbu ya watt 100 iliyofungwa kwa mfululizo na kifaa. Nami ninayo, na imeniokoa mara nyingi. Lakini balbu inazuia tu mkondo usizidi. Huwezi kuiambia nipe volti 40 sasa, nipe 60 baada ya saa moja. Kazi hiyo inataka transfoma ya kugeuza, ile ambayo wazee wa ufundi wanaiita variaki, kwa jina la biashara la kampuni ya General Radio ya Marekani, ambako Eduard Karplus aliibuni mwaka 1933. Umbo lake linapendeza kwa urahisi wake. Chukua ngata ile ya kubebea mtungi kichwani, ambayo hapa Kampala wanaiita enkata, iwe ya chuma, kisha uizungushie waya wa shaba safu moja, mzunguko kando ya mzunguko. Juu, vanishi ya waya inakwanguliwa ili shaba ibaki wazi kama njia ya mviringo, na brashi ya kaboni inatembea juu ya njia hiyo ikisukumwa na kishikio. Mahali brashi iliposimama ndipo volti zako zilipo. Unaanza sifuri, unapanda mzunguko mmoja baada ya mwingine.

Mpya niliikuta katika duka moja mjini, na bei yake ilizidi ada ya muhula wa Zuhura, binti yetu wa kwanza. Nikarudi nyumbani nikifikiria. Kisha nikakumbuka jambo ambalo kila fundi wa stabilaiza analijua: zile stabilaiza za mota zina variaki ndani. Umeme wa mtaa ukishuka, kimota kidogo kinaisogeza brashi, volti zinarudi mahali pake. Ukiondoa mota ukaweka kishikio cha mkono, una chombo unachokitaka.

Nikachukua boda hadi Katwe. Njiani tulipita Mnara wa Saa, uliojengwa kwa ajili ya ziara ya Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, ziara ileile aliyofungulia bwawa la Owen Falls kule Jinja. Baba alipenda kutuonyesha ule mnara. Alisema mnara na umeme wetu ni mapacha. Katwe nikapata mzee mmoja mwenye rundo la stabilaiza mbovu, nikachagua nzito kuliko zote, nikalipa shilingi 50,000, nikarudi nimeipakata mapajani. Nilipofungua kifuniko usiku ule nikakuta transfoma ya kawaida yenye vichukulio vitano na relei nne zimepangwa juu ya bodi. Hakuna njia ya shaba, hakuna brashi. Stabilaiza ya relei huruka kutoka ngazi hadi ngazi, na ukiisikiliza ikifanya kazi inasema tak, tak. Ya mota haisemi hivyo. Nilijua hayo kabla ya kwenda, lakini mashine mbovu haina sauti, nami nilinunua kwa uzito.

Ramadhani ikaingia. Nyumba yetu mwezi huo huwa ya Mama Zuhura. Tangu alasiri anakamua pasheni, analoweka ukwaju, anachuja, anajaza chupa na kuzipanga katika friji, na kabla ya magharibi watoto wa majirani wamepanga mstari mlangoni. Pesa zile hununua nguo za Idi, na mara nyingi hufika mpaka daftari za muhula unaofuata. Friji lake lililindwa na stabilaiza aliyoinunua mwenyewe, kwa sababu umeme wa mtaa wetu jioni, kila mtu akiwasha taa na jiko, huteremka hadi volti 190, na usiku wa manane nimewahi kuupima ukawa 252.

Jioni moja, nikiwa nimekaa jikoni nikisubiri adhana ya msikiti wa Kibuli, nikaisikia. Zzzz. Kimya. Zzzz. Taa ilikuwa imefifia kidogo na stabilaiza ya friji ilikuwa ikijirekebisha. Mota. Ilikuwa imekaa pale miaka miwili, hatua nne kutoka kwenye stoo ninayofanyia kazi.

Usiku wa kumi na nane, mama na mke wangu na watoto walipanda msikitini kwa tarawehe. Mimi nilibaki, nikasema kichwa kinaniuma. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko yote yaliyofuata. Nilichomoa stabilaiza, nikachomeka friji moja kwa moja ukutani, nikajiambia ni saa moja tu.

Ndani ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Ngata ya shaba inang'aa, brashi imeshikwa na springi, gia ya plastiki inaiunganisha na mota. Nikafungua skrubu mbili, mota ikatoka, na kile kizuizi cha mwisho wa safari ya brashi kikatoka pamoja nayo. Kwenye ekseli nikafunga kirungu cha kifuniko cha sufuria. Nikachomeka taa ya watt 60 upande wa kutolea umeme, nikawasha. Taa ikawaka vizuri. Nikageuza upande wa kupunguza.

Taa ikazidi kung'aa.

Hapo ndipo fundi anapopaswa kuondoa mkono. Nilidhani ni mwelekeo tu umegeuka, nikataka kuona mwisho wake, nikaendelea. Mngurumo ukaanza ndani ya chuma, kama ng'ombe anayelia kwa mbali, cheche ikaruka chini ya brashi, taa ikapasuka, na meni swichi ikaanguka. Nyumba nzima giza, na harufu ya vanishi iliyoungua.

Nilikuja kuelewa baadaye, nilipofuata waya mmoja mmoja kwa mita. Katika mashine ile umeme wa mtaani uliingia kupitia brashi, na umeme uliotulia ukatoka katika kichukulio kisichosogea. Ndivyo ilivyojengwa kufidia: umeme ukipungua, mota inaipeleka brashi mahali ambapo mizunguko inayoupokea ni michache, kila mzunguko unabeba volti nyingi zaidi, na upande wa kutolea unapanda. Mimi niliposogeza brashi kuelekea mwisho, nilikuwa nikiweka volti 240 zote juu ya mizunguko michache zaidi na zaidi, mpaka chuma kikashindwa kubeba na shaba ikawa kama waya mtupu uliounganishwa plus na minus. Ili iwe variaki ya mkono ilibidi kugeuza kila kitu: umeme uingie kwenye ncha zisizosogea, utoke kwenye brashi. Waya tatu tu, za kuhamishwa kabla ya kuwasha.

Gizani nilikimbilia meni swichi, nikaipandisha. Taa zikarudi, na friji nalo likarudi papo hapo. Kompresa ilikuwa imesimama sekunde chache tu, gesi ndani yake bado ina msukumo, na mota ya kompresa haiwezi kuanza dhidi ya msukumo ule. Ndiyo maana stabilaiza ya friji ina kicheleweshaji: umeme ukirudi, inasubiri dakika kama tatu kabla ya kuufungulia. Stabilaiza hiyo ilikuwa imelala mezani kwangu ikifuka moshi. Nikasikia friji likiguna, tik, kimya. Likaguna tena, tik. Mara ya tatu ndipo nilipolichomoa.

Walirudi saa tatu na nusu. Mama Zuhura alivuta pumzi mlangoni, akaenda moja kwa moja jikoni bila kuvua mtandio, akaweka kiganja juu ya friji. Aliweka muda mrefu. Kisha akaja stoo, akakiona kirungu cha sufuria yake.

"Baba Zuhura," akasema kwa sauti ya chini, "ulipoihitaji, mdomo wako ulikuwa wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Mama yangu alisimama nyuma yake, na hakunitetea.

Friji lilikuwa na lita 20 za juisi na nyama ya siku mbili. Nilijaribu kuliwasha baada ya nusu saa, likaguna na kukata tena. Basi usiku ule tulifanya kazi pamoja, hakuna aliyesema neno lisilo la kazi. Nyama ilikwenda kwa jirani yetu wa upande wa chini, mama wa Kiganda anayesali kanisani Nsambya. Tulimgongea akiwa ameshalala. Alitoka na leso, akasikiliza, akasema "bambi", akatoa vyake katika friza ili vyetu vipate nafasi. Juisi Mama Zuhura alikataa kuiuza. Alisema iliyoanza kupata joto hauzi mtu. Wakati wa daku Zuhura na mdogo wake walipita nyumba kwa nyumba na ndoo, na mtaa mzima ukanywa pasheni alfajiri ile bila kulipa.

Fundi friji alikuja adhuhuri. Kompresa ilikuwa nzima. Ile kinga inayokata umeme joto likizidi iliiokoa, lakini relei ya kuanzishia ilikuwa imepasuka ndani. Ukiitikisa inalia kama njuga. Akabadilisha vyote viwili. Nilimlipa kwa fedha nilizokuwa nimeziweka kando kwa ajili ya variaki, na zilizobaki nilizipeleka jikoni, nikaziweka mezani, nikamwomba mke wangu radhi mbele ya mama na watoto. Alizihesabu. Akasema hazitoshi stabilaiza mpya, na kwamba nitaongeza. Nikaongeza kwa kuuza spika mbili kubwa nilizokuwa nimezitengeneza kwa ajili yangu. Tulikwenda Kikuubo pamoja kuinunua, naye hakukubali kutoa hata shilingi kabla muuzaji hajaiwasha. Akainamisha sikio, akasubiri mpaka akaisikia ikisema zzzz.

"Ile ya zamani chukua," akaniambia tukirudi. "Na kile kirungu nacho. Sufuria ile imeshatoboka."

Zuhura ana miaka kumi na mitatu. Baada ya Idi alikuwa akija stoo kila jioni akimaliza kazi za shule, naye ndiye aliyesafisha njia ya shaba, kwa spiriti kwanza, kisha kwa msasa mwembamba kabisa, akifuata mviringo wake asiukate. Mizunguko miwili ilikuwa imeungua vanishi ubavuni. Tuliitenganisha kwa ncha ya wembe na kuipaka vanishi mpya. Brashi ya zamani ilikuwa imeliwa upande, tukachonga nyingine kutoka kaboni ya mashine ya kukatia vyuma. Hapo pana siri ambayo ilimfurahisha. Brashi ikisogea lazima iguse mzunguko unaofuata kabla haijauacha huu, la sivyo umeme utakatika kila hatua. Lakini ikigusa miwili kwa pamoja, inaiunganisha, na mkondo unazunguka ndani yake. Kaboni ina ukinzani wa kutosha kuutuliza mkondo huo, kazi ambayo shaba isingeiweza. Na upana wake usizidi mizunguko miwili. Alipima kwa rula ya shule mara nne.

Waya nilizihamisha mimi, yeye akashika mita na kunisomea. Tukaweka fyuzi ya ampea mbili. Kisha nikamweleza kitu ambacho ningependa kila kijana anayeanza kazi hii akijue. Variaki inashusha volti, ila haikutenganishi na umeme wa mtaani. Waya ni mmoja, na upande wa kutolea umeungana na upande wa kuingilia. Unaweza kusoma volti 20 kwenye mita na ukashika waya unaobeba 240 dhidi ya ardhi, kama plagi imefungwa kinyume. Kwa hiyo mbele yake tuliongeza transfoma mbili zinazofanana, tulizozitoa katika UPS zilizokufa, tukaziunganisha mgongo kwa mgongo: ya kwanza inashusha hadi volti 12, ya pili inapandisha. Katikati hakuna waya unaovuka. Nguvu inapungua kidogo njiani, lakini redio yetu haihitaji hata watt 60.

Kabla ya yote tulisoma herufi za vali. Redio yenye vali zinazoanza na U huenda haina transfoma na chasisi yake ni ya kuogopwa. Zetu zilianza na E zote: ECH81, EF89, EABC80, EL84, EZ80, na EM80, ambayo ndiyo jicho. Zuhura aliziandika ukutani kwa chaki. Nikang'oa kapasita ya karatasi inayoipelekea EL84 sauti, nikaweka mpya, kwa sababu ile ikivuja vali inageuka nyekundu kama kaa la moto. Nikachomoa vali zote, nikaweka diodi mbili za 1N4007 mahali pa EZ80, kwani vali ile haipitishi chochote mpaka ipate joto, nasi tulitaka kuanza chini kabisa.

Siku ya kwanza hatukuzidi volti 60. Nilipima mkondo unaovuja kwenye kapasita, ukawa unashuka nusu saa baada ya nusu saa. Siku ya pili tukafika 120. Mama alikuja na kigoda chake akakaa mlangoni, akiuliza kila tunapopandisha: "Sasa ngapi?" Zuhura anamjibu, naye anatikisa kichwa, kama anayehesabiwa siku za mgonjwa. Siku ya tatu tukafika juu, na kikopo kilikuwa baridi kwa kiganja.

Jumamosi usiku tukarudisha vali zote, diodi zikatoka. Redio tuliihamishia juu ya kabati lake, variaki mezani, swichi ya nyuma imewekwa 245. Mama Zuhura alizima televisheni mwenyewe, akaja na chai, akakaa. Zuhura akashika kirungu cha sufuria.

Kwenye 110 nyuzi ndani ya vali zikawa na wekundu hafifu. Kwenye 160 spika ikaguna, mguno mnene wa chini niliousahau na ambao kumbe nilikuwa naujua tangu utotoni. Kwenye 190 jicho likafumbuka: kwanza kivuli, halafu kijani. Mama akaweka kikombe chini. Nilizungusha kitufe cha stesheni taratibu kupita mikwaruzo ya masafa mafupi, na sauti ya mwanamume ikatoka, mbali sana, ikisoma kitu kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua chumbani.

"Acha hapo," mama akasema. "Baba yako angeiacha hapo. Alipenda kusikiliza asiowaelewa."

Tukasikiliza. Ilikuwa karibu saa mbili, mtaa mzima unapika, na taa ya darini ikafifia. Jicho la kijani likaanza kupungua. Zuhura alikwishaliona, akageuza kirungu upana wa ukucha, jicho likajaa tena, na kutoka jikoni, wakati huohuo, tukasikia stabilaiza ya mama yake ikisema zzzz.